Mbona nguvu tunazozipata kwenye mkesha hazifiki Jumatano? Tujadili chanzo cha nguvu za kiroho

Mtoa mada

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba tujadili jambo ambalo watu wengi wa makanisani hulisema pembeni tu, baada ya ibada, wakisubiri usafiri wa kurudi nyumbani. Ijumaa usiku mtu amekesha, ameimba, amelia, ameombewa, na alfajiri ametoka akijiona hakuna kitakachomshinda. Ikifika Jumatano hana hata hamu ya kufungua Biblia. Wiki inayofuata anatafuta mkesha mwingine, mara nyingi wenye mhubiri mwenye sauti kubwa zaidi, na mwaka unakwisha hivyo hivyo. Sisemi kwamba mikesha ni mibaya. Nimekulia ndani yake na bado nahudhuria. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuzitafuta nguvu za kiroho kana kwamba zinapatikana mahali fulani, kwa mtu fulani, kwa wingi wa kutosha muda mrefu, ilhali Maandiko na historia ya Kanisa katika ukanda wetu huu vinaonyesha kwamba hutolewa kwa kadiri ya safari ya siku, hutolewa kwa mtu aliyekubali kuwa ameishiwa, na mara nyingi humfikia kwa mikono ya watu wengine.

Nianze na Eliya, kwa sababu ni vigumu kupata mkutano wa injili uliofana kuliko wake. Katika 1 Wafalme 18 anasimama Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto unashuka, mvua inarudi baada ya ukame mrefu, naye anapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Sura ya 19 inapoanza, Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja wa vitisho, na mtu yule yule anakimbia kuokoa roho yake. Akifika Beer-sheba anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Wahubiri wetu wengi wangemkemea hapo hapo. Wangemwambia ana roho ya kukata tamaa na kumpangia siku saba za kufunga. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Naomba tuyaangalie maneno hayo kwa makini, maana anayekiri kwamba safari imemzidi nabii ni mjumbe wa Bwana mwenyewe, na msaada wa kwanza anaouleta ni chakula na usingizi.

Tukifika Horebu huwa tunasimama kwenye sauti ndogo ya utulivu, tunaifurahia, tunafunga Biblia. Lakini mazungumzo hayakuishia pale. Mara mbili Eliya analalamika kwamba amesalia peke yake, na jibu analopewa ni majina ya watu: ampake mafuta Hazaeli, ampake Yehu, ampake Elisha awe nabii badala yake, na ajue kwamba katika Israeli wamebakizwa 7,000 wasiompigia Baali magoti. Aliyemwacha mtumishi wake nyuma anarudi kutoka jangwani na kupata mtu wa kutembea naye.

Hali ni hiyo hiyo katika Wafilipi 4:13, aya ambayo pengine inaongoza kwa kubandikwa nyuma ya daladala na matatu: “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Tunaisoma kama ahadi ya kushinda mtihani, kupata zabuni au kumaliza nyumba. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, na aya mbili zilizotangulia zinaeleza kwamba “mambo yote” ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aya inayofuata ndiyo ambayo hakuna anayeibandika popote: anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Walikuwa wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye naye aliugua akakaribia kufa. Kwa hiyo hata mtume aliyetiwa nguvu na Kristo alikuwa akila chakula kilichochangwa na watu, wala hakuona kwamba jambo hilo linapunguza imani yake.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1929 daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa ametoka kuhudumia watu katika njaa kali iliyoikumba nchi ile. Huko Namirembe akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na njaa ya kumjua Mungu zaidi ya alivyofundishwa kanisani. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba, wakaambiana ukweli. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, ukavuka hadi Bukoba, ukafika Kenya, na leo tunauita Uamsho wa Afrika Mashariki. Wahusika wa mwanzo hawakuwa na kiwanja cha mpira wala vipaza sauti. Walikuwa watu wawili waliokiri kwamba wamekauka, mmoja Mzungu na mmoja Mwafrika, katika zama ambazo Mzungu hakutazamiwa kukiri kitu cha namna hiyo mbele ya Mwafrika.

Kilichoufanya Uamsho udumu ni desturi za kawaida kabisa. Ndugu walikutana kila juma, wakasoma Neno, wakaungama dhambi kwa kuzitaja, wakaimba “Tukutendereza Yesu”. Walikuita huko “kutembea nuruni”, wakimaanisha 1 Yohana 1:7. Aliyeiba alirudisha, aliyemsengenya mwenzake alimwendea, mume na mke waliokaa wiki nzima bila kusemezana walitengeneza mambo yao kabla ya kuja kushuhudia. Ni malezi hayo yaliyomtoa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ni hayo pia yaliyowapa baadhi ya ndugu wa Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, uwezo wa kukataa kula kiapo na wakati huo huo kukataa kubeba bunduki ya serikali dhidi ya majirani zao, ingawa wapo waliouawa kwa msimamo huo. Uthabiti wa namna ile haujengwi kwa usiku mmoja.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa heshima, lakini mimi ni Mpentekoste na naona umeipunguza kazi ya Roho Mtakatifu. Siku ya Pentekoste wanafunzi hawakupewa nguvu kidogo kidogo kwa kadiri ya safari ya siku. Walishukiwa ghafla, na Petro aliyemkana Bwana mbele ya kijakazi akasimama mbele ya Yerusalemu nzima. Mimi mwenyewe niliachana na pombe kwenye mkutano wa hadhara, siku moja, na sijarudia. Ukiwaambia watu wasitazamie tendo la ghafla, si utawanyima kile ambacho Mungu anaweza kukifanya usiku huu huu?

Mtoa mada

Mpendwa, ninalipokea pingamizi lako, na ushuhuda wako namshukuru Mungu kwa ajili yake. Sipingi tendo la ghafla. Ninachokuomba ni kwamba tusiishie Matendo 2:4. Aya ya 42 ya sura hiyo hiyo inasema walikuwa wakidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Kisha katika sura ya 4, baada ya Petro na Yohana kutishwa na wakuu, wanarudi “kwa watu wao”, wanaomba pamoja, na wanajazwa tena Roho Mtakatifu. Watu wale wale waliojazwa Pentekoste walihitaji kujazwa upya, na walijazwa wakiwa wamerudi kwa wenzao na hofu yao wakiisema waziwazi mbele za Mungu. Sina shaka kwamba hata wewe, baada ya usiku ule wa mkutano, alikuwepo mtu aliyekuwa akikupitia nyumbani jioni ambazo marafiki wa zamani walikuwa wakikuita.

Kinachonitia hofu ni pale nguvu zinapohamishiwa kwenye kitu: chupa ya maji, kitambaa, mafuta yaliyomwagwa chini. Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi katika mkusanyiko wa maombi, baada ya umati kusukumana kwenda kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwacheki waliokufa, wengi wao nadhani walikwenda pale na magonjwa na madeni ambayo hakuna mtu wa kanisani kwao aliyewahi kukaa chini akawasikiliza. Nalielekeza swali langu kwetu sisi, ambao makanisa yetu yamejaa kamati na hayana mtu wa kumuuliza muumini, “Hali ya moyo wako ikoje?”

Mchangiaji wa kwanza

Alikuwepo. Mzee mmoja wa kanisa, fundi viatu. Alikuwa akija na kiti chake kidogo cha kukunja, anakaa nje ya mlango wangu, anashona. Hatukuwa tukiongea mengi. Hapo umenipata, mtumishi.

Mchangiaji wa pili

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama na mjane, Mkatoliki, na ningependa kuchangia upande wa Jumuiya Ndogo Ndogo, maana naona zimesahaulika katika mjadala huu. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na vijana wengi leo wanaziona ni mahali pa kuchangishwa fedha za ujenzi. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Kuna Jumamosi ambazo matangazo ya michango huchukua muda mrefu kuliko Injili.

Lakini mume wangu alipofariki, mimi sikuweza kusali. Nilikuwa nikiishika rozari na midomo haifunguki. Watu walionifariji kwa maneno walikuwa wengi mno, na wengine walinieleza mapenzi ya Mungu kwa namna iliyonifanya nitake kuwafukuza. Wanawake wawili wa jumuiya yetu hawakunieleza chochote. Walikuwa wakija kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mmoja anawasha jiko la mkaa na kubandika chai, mwingine anasoma Zaburi moja, wanasali Baba Yetu wao wenyewe, wananiachia vikombe vimefunikwa kwa kisahani, wanaondoka kwenda kwenye biashara zao. Asubuhi moja walisoma Zaburi ya 88. Yule msomaji alipofika mwisho alisita, akageuza ukurasa kuangalia kama kuna aya nyingine, maana Zaburi ile inaishia gizani, haina “lakini nitakusifu” kama nyingine. Akanitazama, akasema, “Dada, imeishia hapo.” Sijui kwa nini, lakini siku hiyo ndiyo nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na jioni yake niliweza kusema Salamu Maria moja. Kumbe mtu anaweza kusimama mbele za Mungu na maneno kama yale, na yakawekwa katika Biblia.

Kwa hiyo ninakuunga mkono, mtoa mada, na naongeza hili: wakati mwingine huna imani ya kutosha siku hiyo, na Kanisa linaamini kwa niaba yako mpaka urudi.

Mchangiaji wa tatu

Nisamehewe nikiuliza swali gumu. Mtoa mada umeusifu Uamsho ulioanzia Gahini. Nchi ile ile ya Rwanda, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Wakristo waliwaua Wakristo, na makanisa ya Ntarama na Nyamata, ambako watu walikimbilia kujificha, yakawa machinjio. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani hata watumishi wa madhabahuni. Nguvu hizo za kiroho zilikuwa wapi?

Mtoa mada

Ndugu yangu, swali hili nililitazamia, na sina jibu la kulifunga. Nitasema machache ninayoyaamini.

Kwanza, wapo waliosimama. Katika eneo hilo hilo la Nyamata, Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliuawa na askari Januari 1964, miaka 30 kabla ya yale ya 1994. Hata hivyo nisingependa kumtumia shahidi mmoja kuwafunika wengi walioanguka.

Pili, nadhani Uamsho ulijua sana kuzitaja dhambi za mtu binafsi, yaani wizi, zinaa, ulevi, hasira, na haukujifunza vya kutosha kuitaja dhambi ya kabila na ya madaraka. Mtu aliweza kuungama kwamba alimkasirikia mkewe na asiungame kwamba anawaona watu wa kabila jingine kuwa si watu kamili. Mahali ambapo nuru haikuruhusiwa kufika, nguvu nazo hazikufika. Hilo linatuhusu Watanzania na Wakenya pia, hasa miaka ya uchaguzi.

Tatu, imani ya baba haimtoshi mtoto. Wana wa Israeli waliokota mana kila asubuhi, na iliyolazwa ikaingia mabuu. Kizazi cha 1994 kilikuwa kimeshapokea nyimbo na majengo ya kizazi cha miaka ya 1930, na nyimbo na majengo vinaweza kubaki imara muda mrefu baada ya watu kuacha kuungama.

Kuna mtu mmoja wa Uamsho ninayemrudia kila ninapowaza haya. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alilazimika kuikimbia Uganda kwa miguu, yeye na mkewe, kuvuka milima kuingia Rwanda, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977. Mwenyewe alieleza kwamba uhamishoni moyo wake ulianza kuwa mgumu kwa chuki dhidi ya Idi Amin, na kwamba Ijumaa Kuu, akiwa ameketi kanisani London, alisikia maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea waliomsulubisha, akaona kuwa naye hana budi kusamehe. Huyu alikuwa askofu aliyehubiri toba miaka mingi, na bado alihitaji kupewa uwezo wa kusamehe kama muumini wa jana. Alipewa alipokiri kwamba hana.

Mchangiaji wa nne

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Haya yote mazuri, lakini jumuiya hukutana nikiwa nimelala au niko wodini, na mchungaji wetu anasema asiyefunga na kukesha hawezi kuwa na nguvu. Nimejaribu kufunga nikiwa zamu na nikakaribia kuanguka. Naomba mnishauri kwa vitendo.

Mtoa mada

Marahaba, binti yangu. Wewe unakesha tayari, na unakesha kwa ajili ya wagonjwa; usijihesabu kuwa nyuma ya walioko kanisani usiku huo.

Kufunga ni jambo jema na Bwana Yesu mwenyewe alifunga, lakini mtu anayechoma sindano na kupima dozi za wengine asifunge akiwa kazini, na mwenye kisukari, mjamzito au anayetumia dawa azungumze na daktari kwanza. Tuliyoyaona Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa baada ya watu kuambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, yametosha kutufundisha kwamba kuuadhibu mwili si kuutia moyo nguvu. Kumbuka malaika alivyomtendea Eliya. Ukitoka zamu, kula, lala, kisha usali.

Kuhusu sala, usijipimie saa nzima. Chukua Zaburi fupi, kwa mfano ya 13 au ya 121, uisome ile ile wiki nzima, kwa sauti ikiwezekana, hata ndani ya basi kwa kunong’ona. Ukishindwa kusali kwa maneno yako, tumia Sala ya Bwana. Yesu aliwapa wanafunzi walipomwomba awafundishe kusali. Ukiwa na dhambi inayokusumbua, usisubiri mkutano: mtafute mtu mmoja mzima wa akili, mwanamke mwenzako, anayejua kutunza siri, umwambie. Yakobo 5:16 inatosha kwa hilo, na hapo natahadharisha kwamba kuungama mbele ya kundi, ambako ndugu wa Uamsho walikuthamini, kumewaumiza baadhi ya watu pale siri zao zilipogeuka habari za mtaani.

Na kuhusu jumuiya, tafuta wauguzi wenzako wawili au watatu wa zamu yako. Hamhitaji kibali cha kamati. Dakika kumi za kukabidhiana zamu, aya moja, jina la kila mmoja likitajwa katika sala, zinatosha kwa kuanzia.

Mchangiaji wa pili

Binti, kama uko Dar es Salaam, upande wa Temeke, nitumie ujumbe faragha. Jumuiya yetu ina akina mama kadhaa wanaouza sokoni ambao nao Jumamosi asubuhi hawapatikani, kwa hiyo tumeanza kukutana Jumatatu saa tisa alasiri. Si lazima uwe Mkatoliki. Njoo unywe chai kwanza.

Mchangiaji wa nne

Ahsante sana, mama. Jumatatu ijayo nipo mapumziko. Nitakutumia ujumbe sasa hivi.